Visima vya Jiji la Dodoma vinazeeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mgao wa maji ukibana, gengeni, kwenye daladala, kwenye foleni ya madumu. Tumeyakusanya hapa ili mtu akiuliza tena umtumie tu. Mengi yanahusu visima vya Makutupora na Mzakwe ambavyo ndo vinalisha jiji, ya wenye visima vyao nyumbani yako sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Maji ya Dodoma mjini yanatoka wapi hasa?

Chini ya ardhi, karibu yote. Kaskazini mwa jiji, kama kilometa 30 hivi, kuna bonde la Makutupora, kule kule kwenye zabibu, na ndani ya hilo bonde kuna visima virefu vya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Maji yanavutwa juu, yanakusanywa Mzakwe, afu yanasukumwa kuja mjini. Mto wa kutegemea hatuna, Kinyasungwe Ndogo unatiririka msimu wa mvua tu, kiangazi ni mchanga mtupu.

Visima vya eneo hilo vilianza kutumika miaka ya 1950, Dodoma ikiwa mji mdogo wa reli. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie huku, 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli kweli, 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 ndani ya manispaa, ya 2022 ikahesabu 765,179. Vimeongezwa visima sehemu nyingine, mfano Nzuguni, lakini mzigo mkubwa bado uko Makutupora, na ndo maana afya ya visima vile ni habari ya kila mtu mwenye bomba hapa mjini.

2. Kisima kinazeekaje, si ni shimo tu?

Sio shimo tu. Kisima kirefu kina kesingi, yaani bomba linalozuia kuta zisibomoke, na kwenye kina chenye maji kuna skrini, ambayo ni bomba lenye matundu membamba. Nje ya skrini kumejazwa changarawe za kuchuja mchanga. Ndani inaning'inia pampu ya kuzama na mota yake, na bomba la kupandishia maji.

Kila kimoja kinachakaa kivyake. Skrini inaziba kwa chokaa, kwa kutu, au kwa ute wa bakteria wanaoishi kwa kula madini ya chuma, ute mzito wa rangi ya chungwa ambao ukiushika unateleza kama bamia. Changarawe zinajaa udongo mwembamba. Kesingi ya chuma inaliwa na kutu mpaka inatoboka. Pampu nayo, mapanga yake ya ndani yanalika na mchanga kidogo kidogo, unashangaa inakula umeme ule ule ila maji yanapungua.

3. Kwa hiyo kinaishi miaka mingapi?

Kikichimbwa vizuri, kikavutwa kwa kiasi na kikasafishwa kwa wakati, miaka 30 mpaka 50 inawezekana kabisa. Kikichimbwa hovyo na kuvutwa usiku na mchana bila kuguswa kinaweza kukuchosha ndani ya miaka kumi. Pampu ni hesabu nyingine, hiyo ni kitu cha kubadilishwa na mtu aipangie bajeti tangu siku ya kwanza.

4. Wakisema "kisima kimekauka", ni kweli kimekauka?

Mara nyingi hapana, na hili ndo jambo ambalo tungependa kila mtu wa mji huu alielewe. Kisima kikipunguza maji kuna sababu tatu tofauti kabisa: maji ya ardhini yameshuka, au kisima kimeziba, au pampu imechoka. Dawa zake hazifanani hata kidogo, na anayetamka "kimekauka" bila kupima anaweza kulizika shimo zima lenye maji mazuri chini yake.

Kupima kwenyewe sio uchawi. Unazima pampu, unaacha kisima kipumzike masaa kadhaa, unashusha kipimo kinachopiga kelele kikigusa maji, unaandika kina. Afu unawasha, unavuta kwa kiasi kile kile kwa masaa, unapima tena maji yameshuka mpaka wapi, na unasoma mita kujua lita ngapi kwa saa. Sasa linganisha na karatasi ya siku kilipochimbwa.

Chukua mfano. Kisima kilipokuwa kipya kilitoa lita 100,000 kwa saa na maji yakashuka mita 10. Hiyo ni lita 10,000 kwa kila mita ya mshuko. Leo kinatoa lita 100,000 zile zile lakini maji yanashuka mita 25, sawa na lita 4,000 kwa mita. Usawa wa kupumzika, yaani pale maji yanaposimama pampu ikiwa imezimwa, haujabadilika. Maana yake maji yapo pale pale ila mlango umeziba, asilimia 60 ya uwezo imepotea na bombani hamjaona tofauti yoyote, kwa sababu pampu inajitesa kufidia. Ila usawa wa kupumzika wenyewe ukiwa umeshuka mwaka hadi mwaka, na visima vya jirani pia, hapo ndo tuzungumze habari ya maji ya ardhini kupungua. Na kama usawa uko vizuri, mshuko mdogo, lakini maji ni machache, shuku pampu au bomba la kupandishia lililotoboka.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiambiwa kisima kimekauka, ombeni namba tatu tu: usawa wa kupumzika, usawa wakati wa kuvuta, na lita kwa saa, za leo na za mwanzo. Asiye nazo hajapima.

5. Mbona mvua imenyesha kubwa wiki hii na mgao uko pale pale?

Kwa sababu mvua ya wiki moja haifiki kule chini. Dodoma inapata milimita 550 mpaka 600 hivi kwa mwaka, msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili, na jua letu linarudisha sehemu kubwa sana hewani.

Makutupora ina bahati moja ambayo sehemu nyingi za Afrika hazina: usawa wa maji umeandikwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Watafiti walipochambua kumbukumbu za miaka 55, mwaka 2013, walikuta maji ya ardhini hayajazwi kila mwaka. Yanajazwa na misimu michache ya mvua nzito sana, hasa ile ya El Niño, na msimu wa 1997/98 ndo ulijaza kuliko yote. Miaka ya katikati usawa unashuka polepole. Na maji yanapenya zaidi kupitia mchanga wa makorongo wakati yanatiririka kuliko kwenye shamba la kawaida.

Yaani tunakula akiba iliyowekwa miaka mingi nyuma. Ndo maana kuvuta kupita kiasi pale ni hatari, na ndo maana zile karatasi za vipimo zinazoonekana kama za kuchosha zina thamani kuliko pampu yoyote. Aliyeanza kuandika pale miaka ya 1950 ametufanyia kazi kubwa sana.

## Kazi ya kukarabati

6. Wanajuaje kilichoharibika kule chini wakati hakuna anayeona?

Siku hizi wanaona. Pampu ikishatolewa inashushwa kamera yenye taa, unaangalia kwenye kioo skrini ilivyo, wapi kuna magamba, wapi kesingi imepasuka, wapi mchanga umejaa chini. Kamera ikikaa pamoja na vipimo vya swali la 4 na majibu ya maabara ya maji, unajua unapambana na nini. Uchafu wa chokaa, wa kutu na wa bakteria unataka dawa tofauti, kwa hiyo anayekuja na ndoo ya asidi kabla hajashusha kamera, mwambie asubiri kwanza.

7. Hatua zenyewe zikoje?

Pampu na mabomba yote yanatolewa kwa kreni au kwa miguu mitatu na winchi, kazi ya siku nzima kama kisima kina mita mia na zaidi. Baada ya kamera, kuta zinasuguliwa kwa brashi ya nyaya, taratibu kama kesingi ni ya plastiki maana ya plastiki inapasuka. Mashapo ya chini yanatolewa kwa upepo wa kompresa, mafundi wanaita kuflashi.

Kinachofuata ni kusukasuka maji, kwa pistoni maalum inayopandishwa na kushushwa au kwa upepo wa kuwasha na kuzima, ili maji yaingie na kutoka kwenye skrini kwa nguvu na kung'oa uchafu ulio nyuma yake kwenye changarawe. Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na hapa ndo wanapolipua, kwa sababu inachosha na haionekani. Inatakiwa iendelee mpaka maji yanayotoka yawe safi na yabaki safi, hata kama ni siku mbili.

Kama magamba ni magumu inaingia dawa (swali la 8), inasukwasukwa tena, inatolewa. Afu klorini ya kuua bakteria. Afu testi ya pampu: kwanza kwa hatua, unaongeza kiasi kidogo kidogo, kisha kuvuta mfululizo masaa 24 au zaidi huku unapima usawa. Sampuli inaenda maabara. Mwisho pampu inarudishwa, na iwe pampu inayolingana na namba mpya, sio ile iliyokuwepo stoo.

Kisima kikirudisha uwezo karibu na wa mwanzo, umefaulu. Kikirudisha nusu, ujue mliichelewesha. Kanuni ya mafundi ni kukiwahi kabla hakijapoteza robo ya uwezo, manake magamba yaliyokaa miaka mingi yanakuwa kama zege, hata asidi inapita juu juu.

8. Asidi kwenye kisima cha kunywa? Hiyo si itatuua?

Hofu yako ina msingi, ndo maana kuna utaratibu. Asidi inayeyusha chokaa, inafanya kazi masaa machache, afu inavutwa yote nje na kupimwa mpaka uchachu wa maji urudi kama ulivyokuwa. Kisima hakiunganishwi na bomba la mji kabla maabara haijasema ndiyo. Yale maji machachu yanakusanywa na kutulizwa kwa chokaa kwanza, hayamwagwi korongoni wala shambani kwa mtu.

Hatari kubwa ni kwa mafundi wenyewe. Asidi na klorini HAZIKUTANI, zikikutana inatoka gesi inayochoma mapafu na inaua. Lazima kisima kisafishwe kabisa dawa ya kwanza kabla ya ya pili. Na kichwa cha kisima kiwe na hewa, asidi ikila chokaa inatoa gesi nzito inayojaa kwenye mashimo na vibanda, mtu anaingia kuokota spana hatoki. Kwa kisima cha nyumbani usijaribu asidi mwenyewe kabisa.

9. Tutakosa maji siku ngapi?

Kisima kimoja kinachukua wiki moja mpaka mbili mambo yakienda sawa. Havizimwi vyote, vinakwenda kwa zamu, kwa hiyo mji unapungukiwa sehemu tu. Omba ratiba itolewe mapema na kazi ifanyike miezi ya baridi matumizi yakiwa chini, sio Oktoba na Novemba joto likiwa limepamba moto na kila mtu anagombania dumu.

10. Kwa nini wasichimbe tu kipya?

Wakati mwingine inabidi: kesingi ikiwa imeoza yote, au kisima kimepinda, au kilichimbwa pabaya. Lakini kipya kinataka utafiti wa kitaalamu wa eneo, kibali cha ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu inayosimamia maji ya ardhini, rigi ya kuchimbia, kesingi, testi, bomba jipya, umeme, na bado miamba yetu ya graniti inaweza kukupa shimo kavu, maana maji yanakaa kwenye sehemu zilizooza na kwenye nyufa tu. Kusafisha kilichopo ni sehemu ndogo ya gharama hiyo, na pale tayari unajua maji yapo.

Kingine watu wanasahau: ukichimba kipya mita chache kutoka cha zamani, hujaongeza maji, umeongeza mrija kwenye kikombe kile kile.

11. Si waweke pampu kubwa zaidi basi?

Hapana hapana. Kisima kilichoziba ukikiwekea pampu kubwa, maji yanashuka zaidi, skrini inabaki hewani, hewa inaharakisha kutu na magamba, mchanga unaanza kuvutwa, na mota inaungua. Umeharibu vitatu kwa kutafuta kimoja.

Na umeme je? Ule mfano wa swali la 4, zile mita 15 za ziada za kuinua lita 100,000 kwa saa, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 60, zinakula karibu kilowati 7. Ukivuta masaa 20 kwa siku ni uniti 135 hivi kila siku, kisima kimoja, kwa maji yale yale. Hizo hela zinatoka kwenye bili zetu.

## Kwenye bomba lako

12. Maji yakirudi baada ya mgao yana rangi ya chai, ni kisima kibovu?

Kwa kawaida ni bomba la mtaani. Likikaa tupu kutu inalegea, maji yakirudi kwa kasi yanaibeba. Acha yatiririke kidogo, kinga ya kufulia au ya choo. Yakiendelea hivyo siku ya pili bila mgao, au yana ute na harufu ya yai bovu, toa taarifa, hapo inaweza kuwa kisimani au bomba limepasuka. Maji meupe kama maziwa yanayotakata kwenye glasi kuanzia chini kwenda juu ni hewa tu, kunywa.

13. Ule ukoko mweupe kwenye birika una madhara?

Ni chokaa, maji yetu ni magumu. Hauumizi mtu ila unamaliza sabuni na hita za maji. Ndo huo huo unaoziba skrini kule chini: maji yakivutwa kwa nguvu shinikizo linashuka ghafla, gesi inatoka, chokaa inaganda palepale kwenye matundu. Kwa hiyo kuvuta polepole masaa mengi ni bora kuliko kuvuta kwa fujo masaa machache.

## Wenye visima binafsi, na kesi ngumu

14. Kisima changu kimeanza kutoa mchanga.

Punguza kwanza kiasi unachovuta, bana valvu. Mchanga ukiisha, ulikuwa unakivuta kupita uwezo na unaweza kuishi nacho hivyo. Usipoisha, skrini imetoboka au changarawe ziliwekwa vibaya, ita kamera. Usiache tu ukisema utachuja juu, mchanga unaotoka unaacha pango nje ya kesingi na siku moja linabomoka.

15. Mota zinaungua kila baada ya miezi michache, fundi anasema umeme.

Inaweza kuwa umeme kweli, volti ndogo au fezi moja kukatika, weka kifaa cha ulinzi. Lakini angalia na mambo mawili. Moja, je pampu inavuta hewa? Weka vihisio vya usawa wa maji viizime yenyewe. Mbili, pampu imekaa chini ya skrini zote? Mota inapozwa na maji yanayopita pembeni yake, ikiwa maji yote yanaingia kutoka juu yake inakaa kwenye maji yaliyosimama na inajipika. Ipandishe au ivishwe bomba la nje la kuyalazimisha maji yapite kwenye mota.

16. Niweke klorini kiasi gani baada ya matengenezo?

Kesingi ya inchi 6 inabeba lita 18 hivi kwa kila mita. Tuseme una mita 60 za maji, hizo ni lita 1,080, zidisha mara tatu ili dawa ifike mpaka kwenye changarawe, lita 3,240. Kwa miligramu 100 kwa lita unahitaji gramu 324 za klorini halisi, na unga wa asilimia 65 inakuwa nusu kilo. Iyeyushe kwenye maji ya kutosha, mimina, zungusha maji kwa mpira kutoka bombani kurudi kisimani mpaka unusie klorini, acha usiku kucha, kisha vuta mpaka harufu iishe. Yale ya kwanza usimwagilie mchicha. Vaa glavu na kinga ya macho, na kama kisima kiliwekwa asidi karibuni rudia kwanza swali la 8.

Klorini inaua vijidudu tu. Chumvi, floraidi na nitreti haiziondoi.

17. Kisima kiko uani na choo kiko jirani, kina shida?

Mita 30 ndo kiwango cha chini kinachotumika sana, na kwenye miamba yenye nyufa kama yetu hata hizo zinaweza zisitoshe. Visima vya katikati ya mji vimekuwa na nitreti inayotokana na vyoo vya shimo, nayo haina rangi wala ladha na kuchemsha hakuitoi. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita, ya mtoto mchanga usibahatishe. Pima maabara, pima na floraidi, kikomo ni 1.5.

18. Pampu imedondoka ndani, kisima kimekufa?

Bado. Kuna vyuma vya kuvulia, mafundi wazoefu wanazitoa. Usiivute kwa kebo ya umeme na usirushe ndoano yako ya kienyeji ikakwama juu yake, hapo ndo watu wanapoteza kisima. Wakati mwingine, kama chini kuna nafasi na skrini ziko juu, inaachwa na nyingine inawekwa juu yake.

19. Kesingi ya chuma imetoboka juu, maji machafu yanaingia.

Inaweza kuvikwa kesingi nyembamba ndani, nafasi katikati ikazibwa kwa saruji. Utapoteza upana, kwa hiyo pampu itabidi iwe ndogo na maji yatapungua. Kwa kisima cha familia inalipa. Kwa kisima cha mji piga hesabu na swali la 10.

20. Maji ya Ziwa Victoria au bwawa la Farkwa yakifika, visima vifungwe?

Visifungwe. Bomba la mamia ya kilometa lina siku zake za kupasuka na kukatikiwa umeme, na bwawa lina miaka yake ya ukame. Visima vikipumzishwa, vikawashwa mara kwa mara na kupimwa, ndo vitakuwa akiba ya jiji, na bonde litapata nafasi ya kujaa mvua kubwa zikija. Kisima kilichozimwa na kusahaulika kinaziba haraka kuliko kinachofanya kazi.

21. Hapa kwetu kuna kisima cha zamani kimeachwa wazi, nani anahusika?

Kwanza kifunikeni leo leo, watoto wanatumbukia. Msitupie takataka, lile shimo ni njia ya moja kwa moja mpaka kwenye maji wanayokunywa wengine. Kukifunga moja kwa moja kuna namna yake: inatolewa pampu, inawekwa klorini, sehemu yenye maji inajazwa changarawe safi, juu yake udongo wa mfinyanzi au saruji mpaka karibu na uso wa ardhi.

Kabla ya kukifunga kipimwe kama kwenye swali la 4, maana vingine vinafufuka. Taarifa peleka serikali ya mtaa na ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 wao ndo wanasimamia maji ya ardhini na vibali vyake, na ukiweza ambatanisha picha, kina ulichopima kwa kamba, na alama ya mahali kutoka kwenye simu yako.